Mwongozo Kamili: Namna ya Kusoma Riwaya ya Kiayalandi ya Mama na Binti Mtu Mzima Bila Kuiacha Katikati

Malalamiko yanayonifikia yana sura moja. Msomaji ananunua riwaya ya familia ya Ayalandi iliyosifiwa kila mahali: mama mzee, binti mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, nyumba ya zamani. Anaanza kwa hamu. Kabla ya kufika robo ya kitabu anakiweka chini. "Hakuna kinachotokea," anasema. Au, "Mama huyu simwelewi." Au lile linalorudiwa kuliko yote: "Wanaongelea chai tu."

Kiingereza chako hakina shida, na kitabu hakina shida. Tatizo ni kwamba riwaya hizi huficha ugomvi mahali ambapo msomaji hatazami. Tumezoea hadithi za familia ambamo siri hufichuka mbele za watu, mtu huangua kilio, kisha mkubwa mmoja huketisha kikao. Hapa mama na binti wanaweza kupigana vita vya miaka thelathini kwa kuulizana kama koti hilo ni jipya.

Mwongozo huu unahusu riwaya zilizoandikwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi leo. Historia ya fasihi ya Ayalandi nimeiacha makusudi, kwa kuwa si hiyo inayowakwamisha watu.

## Utakachohitaji

- Riwaya moja. Ukinunua tatu kwa mpigo utarukaruka, na vitabu hivi havisamehe ukivisoma kwa kudokoa.
- Penseli, na karatasi moja ya kukunja utakayoiweka ndani ya kitabu hadi mwisho.
- Vipindi vya saa nzima bila simu. Dakika kumi kumi za kwenye daladala hazitoshi, kwa sababu mazungumzo ya ukurasa wa 40 hujibiwa ukurasa wa 52.
- Ngazi ya miaka, yaani orodha ya miaka muhimu ya nchi hiyo, iliyo kwenye hatua ya 3.
- Orodha fupi ya maneno, iliyo kwenye hatua ya 4. Nimechukulia kwamba unasoma kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Ayalandi kina mitego yake.
- Ukiweza, toleo la sauti lililosomwa na mtu wa Ayalandi. Sauti hukuonyesha mama anatania wapi na anauma wapi.

## Hatua ya 1: Chagua kitabu kinachokufaa, si chenye tuzo kubwa

Wengi huanguka hapa. Wanasikia kwamba *The Gathering* ya Anne Enright ilishinda tuzo ya Booker mwaka 2007, wanaanza nayo. Ni kitabu kikubwa, lakini msimulizi wake, Veronica, anaomboleza kaka yake na wakati mwingine hana hakika na kumbukumbu zake mwenyewe. Mama yake amezaa watoto kumi na wawili na amechoka hadi kufifia. Kiwe cha tatu au cha nne.

Kama ni mara yako ya kwanza, ningekupa *The Blackwater Lightship* ya Colm Tóibín (1999). Sentensi zake ni fupi na safi. Helen, mama yake Lily na bibi yake Dora wanajikuta chini ya paa moja ufukweni mwa Wexford, kwa sababu Declan, kaka mdogo wa Helen, anaumwa Ukimwi na ameomba apelekwe huko. Mama hajawahi kukutana na mume wa Helen wala wajukuu zake. Soma sentensi hiyo tena. Ndiyo riwaya yenyewe.

Kama unachoka haraka, chukua *The Queen of Dirt Island* ya Donal Ryan (2022). Sura zake ni za kurasa mbili hivi, na wanawake wake wa Tipperary wanatukanana kwa mapenzi: bibi, mkwewe Eileen, na mjukuu Saoirse anayekua kati yao.

Kama unataka familia nzima, kuna *The Green Road* ya Enright (2015). Kama unataka kucheka, familia ya Walsh ya Marian Keyes, inayoanzia *Watermelon* (1995), usiidharau kwa sababu ya majalada yake ya rangi. Mama Walsh anajua kurusha maneno kuliko mama yeyote wa riwaya zenye tuzo. Na ukiwa unasoma ughaibuni, jaribu *Instructions for a Heatwave* ya Maggie O'Farrell (2013): familia ya Kiayalandi inayoishi London katika joto kali la mwaka 1976, mama Gretta, na mabinti wawili, Monica na Aoife, ambao wameacha kuzungumza.

Onyo: riwaya za Ayalandi ya Kaskazini zina mzigo wa ziada. *Trespasses* ya Louise Kennedy (2022) iko karibu na Belfast mwaka 1975. Cushla, mwalimu kijana, anamtunza mama mlevi huku mabomu yakilipuka. Ni nzuri sana, ila utakuwa unafuatilia vita na mama kwa wakati mmoja.

Utajua umechagua vyema ikiwa baada ya kurasa thelathini unaweza kumwambia mtu nyumba inayotajwa ni ya nani. Kama huwezi, rudi mwanzo, usiendelee.

## Hatua ya 2: Chora ukoo kabla ya sura ya tatu

Kwenye karatasi yako andika mama juu, watoto chini yake, wajukuu chini zaidi. Pembeni ya kila jina andika anakoishi sasa. Waliokufa wazungushie mstari wa nukta.

Sababu ni rahisi: waandishi hawa hawatambulishi watu. Jina linatajwa mezani kana kwamba ulikuwa umekaa hapo tangu utotoni. Isitoshe, sura hurukaruka. Katika *The Green Road* unaanza na Hanna mtoto huko Clare mwaka 1980, ghafla uko New York mwaka 1991 na kaka yake Dan, kisha Limerick mwaka 1997 na dada yake Constance, kisha Mali mwaka 2002 na Emmet mfanyakazi wa misaada, ndipo unarudi kwa mama yao, Rosaleen, mwaka 2005. Msomaji asiye na karatasi hudhani ameshika mkusanyiko wa hadithi fupi.

Tazama nani anaishi karibu na mama. Katika riwaya hizi huyo ndiye anayefanya kazi zote na kushukuriwa kidogo kuliko wote. Aliye mbali ndiye anayepikiwa.

## Hatua ya 3: Pandisha umri wa mama na wa binti kwenye ngazi ya miaka

Hatua hii watu huiruka, kisha hulalamika kwamba mama ni mkatili bila sababu. Nakili ngazi hii nyuma ya karatasi yako:

- 1937: Katiba, katika ibara ya 41, inataja maisha ya mwanamke nyumbani kama tegemeo la taifa. Mwezi Machi 2024 wananchi waliulizwa kama wayabadilishe maneno hayo, wakakataa.
- 1973: Unafutwa utaratibu uliomlazimu mwanamke kuacha kazi ya serikali anapoolewa.
- 1979: Sheria inaruhusu dawa za kupanga uzazi, lakini kwa cheti cha daktari.
- 1983: Marufuku ya kutoa mimba inaingizwa kwenye Katiba. Inaondolewa kwa kura ya Mei 2018.
- 1993: Mapenzi ya wanaume kwa wanaume yanaacha kuwa kosa la jinai.
- 1995: Talaka inaruhusiwa kwa kura asilimia 50.28.
- 1996: Inafungwa nyumba ya mwisho ya Magdalene, zile nyumba za kufulia nguo zilizoendeshwa na watawa, ambamo wasichana na wanawake walifungiwa na kufanyishwa kazi bila malipo.
- 2008: Bei za nyumba na mabenki vinaporomoka, 2010 nchi inakopeshwa na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF).

Sasa fanya hesabu. Tuseme mama alizaliwa 1940, akawa karani wa serikali, akaolewa 1964. Wiki ya harusi alikabidhi meza yake na hakurudi. Binti alizaliwa 1966. Kazi aliyolazimishwa kuiacha mama, binti aliipata, akaolewa, akaendelea nayo. Mwaka 1997, binti akiwa na miaka 31, anamwacha mumewe. Talaka imekuwa sheria juzi juzi tu. Mama anajibu kwa kusema kwamba watoto wa siku hizi hawavumilii.

Bila ngazi, hiyo ni sauti ya mwanamke mgumu. Ukiwa na ngazi, unamsikia mtu ambaye hakuwahi kupewa hata nafasi ya kuamua kama atavumilia au la. Mwandishi hatakuambia. Anategemea kwamba msomaji wa Dublin au Cork anajua, naye kwa kweli anajua.

Utajua hatua hii imefanya kazi pale utakapomwonea huruma mama ambaye kwenye sura iliyotangulia ulitaka kumpiga kibao.

## Hatua ya 4: Yajue maneno machache yanayodanganya

Usihangaike na kamusi nzima. Haya tu ndiyo huwapoteza wasomaji wetu, kwa sababu unadhani unayajua.

"Grand" kwa Mwayalandi haina fahari yoyote. Ni "sawa", na mara nyingi ni "sawa" ya mtu ambaye mambo yake si sawa. "Giving out" ni kugomba, hakuna kinachotolewa. "I'm after making tea" maana yake chai imetengenezwa sasa hivi, si kwamba mtu anaitafuta. "Bold" ni mtoto mtundu. "Press" ni kabati, na "hot press" ni kabati lenye tangi la maji ya moto ambamo mashuka hukaushwa. Siri nyingi hukutwa humo. "The guards" ni polisi.

"Notions" inahitaji sentensi yake peke yake. Ni kujiona, kujikweza, kusahau ulikotoka. Mama akisema binti yake amerudi kutoka Dublin na "notions", hiyo ni hukumu nzima.

Kwenye misiba, "removal" ni kuupeleka mwili kanisani jioni ya kuamkia maziko, na "month's mind" ni Misa ya kutimiza mwezi tangu mtu afariki, inayofanya kazi karibu na arobaini yetu. Msomaji aliyekulia parokiani atajisikia nyumbani kwenye sehemu hizi.

Jambo la uchapaji: Louise Kennedy na Sally Rooney, kwa mfano, hawaweki alama za kunukuu kwenye mazungumzo. Si kosa la nakala yako. Soma kwa sauti ya chini kurasa mbili za mwanzo na jicho litazoea.

## Hatua ya 5: Sikiliza kisichosemwa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kama una muda wa hatua moja tu, iwe hii.

Kwa penseli, tumia alama tatu. Duara kila chakula au chai inapotolewa. Mshale pale mada inapogeuzwa ghafla. Msalaba anapotajwa mtu wa tatu ambaye hayupo chumbani. Mwisho wa sura, rudi utazame alama zimerundikana wapi. Hapo ndipo waliposhikana.

Tujaribu. Kipande hiki nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Gráinne ameendesha gari kutoka Dublin hadi kwa mama yake Mayo, Ijumaa usiku.

— Umefika, alisema mama. Nilidhani utakuja mchana.

— Kulikuwa na foleni.

— Binti wa Bridie huja Alhamisi.

— Binti wa Bridie hafanyi kazi, Mama.

— Ana watoto wanne. Utakula yai?

— Nimekula njiani.

— Nilikuwa nimenunua nyama ya ham.

Alifungua friji, akaifunga.

— Taa ya korido imeungua, alisema. Usijali, nimeshazoea.

Msomaji wa haraka anaona mapokezi ya kawaida. Weka alama, uone.

"Nilidhani utakuja mchana" ni saa sita za kukaa dirishani. Hawezi kusema alisubiri, maana kusubiri ni kukiri kwamba anamhitaji mtu.

Binti wa Bridie ni msalaba wa kwanza. Katika riwaya hizi mama halinganishi uso kwa uso. Anamleta mtoto wa jirani aje afanye kazi hiyo. Gráinne anajibu kuhusu kazi, mama anajibu kuhusu watoto wanne, na kama karatasi yako ya ukoo inaonyesha kwamba Gráinne hana mtoto, basi kisu kimeshaingia na kutoka. Papo hapo mada inageuzwa: yai. Weka mshale. Yai ni kutubu kwa namna yake.

Kisha kosa kubwa la jioni: Gráinne anakataa chakula. Ham ni nyama ya mgeni, imenunuliwa kwa ajili yake, labda tangu Jumatano. Friji inafunguliwa na kufungwa bila kitu kutoka. Kama ni filamu, muziki ungepanda hapo.

Na taa? Ni ombi la msaada lililovalishwa lawama ili lisionekane ombi. Ikiwa aya inayofuata itasema Gráinne alipanda kiti na kubadilisha balbu kabla ya kuvua koti, basi umesoma upatanisho wa sura nzima. Hakutakuwa na mwingine. Ikiwa atasema atampigia fundi simu kesho, jiandae kwa kurasa mia za baridi.

Maonyo mawili. La kwanza, usiweke alama kila mstari. Kuna chai ambayo ni chai tu. Alama ya kweli ni ile inayotokea mara baada ya jambo zito kukaribia kusemwa. La pili, tofautisha mama anayenyamaza kwa kutojua na mama anayenyamaza kwa kujua. Yule wa pili ndiye mwenye hadithi. Mwanamke wa parokia ndogo miaka ya 1960 au 1970 alijua msichana yupi alipelekwa wapi na kwa nini. Asipojibu swali la bintiye kuhusu shangazi fulani, mara nyingi analinda watu ambao bado anakutana nao kanisani.

Dalili ya kufaulu: utasimama kwenye mazungumzo yasiyo na hata neno moja la hasira na utasema, "Eh, amemmaliza."

## Hatua ya 6: Fuata nyumba

Mtu akiniambia amepotea kabisa kwenye riwaya ya Kiayalandi, namuuliza nyumba imefikia wapi. Nyumba ndiyo uti wa mgongo.

Kuna sababu ya kisheria ambayo waandishi hawaielezi. Sheria ya mirathi ya mwaka 1965 inamlinda mume au mke: hawezi kunyimwa kabisa. Mtoto hana fungu la lazima. Anaweza kwenda mahakamani kudai kwamba mzazi hakutimiza wajibu wake kwake, lakini mzazi anaweza kuandika wosia na kumwachia nyumba mmoja, au mtu baki. Mjane mwenye hati ya nyumba na watoto wanne kwa hiyo ana nguvu ambayo hana haja ya kuitaja. Akisema anafikiria "kupunguza mizigo", chumba kizima kinakauka.

Ongeza uzee. Tangu mwaka 2009 kuna mpango wa serikali wa kugharimia nyumba za wazee, unaojulikana kama Fair Deal. Anayeingia huchangia asilimia 80 ya kipato chake na asilimia 7.5 kwa mwaka ya thamani ya mali, ingawa nyumba aliyokuwa akiishi huhesabiwa kwa miaka mitatu tu. Piga hesabu: asilimia 22.5 ya nyumba ya familia. Kwa hiyo ndugu wanapojadili kama mama "bado anaweza kukaa peke yake", wanazungumzia ngazi za nyumba na majiko ya gesi, na wanazungumzia pia kitu kingine.

Ukiwa na haya, *The Green Road* inafunguka. Rosaleen anatangaza kwamba atauza Ardeevin, nyumba ya familia, na anatangaza mwaka 2005, bei za nyumba zikiwa juu ajabu. Watoto wanarudi kwa ajili ya Krismasi. Wamerudi kumwona mama? Ndiyo. Wamerudi kuiona nyumba? Ndiyo pia, na mwandishi hakuachi uchague moja.

Kwenye karatasi yako jibu maswali haya kila unapofika robo ya kitabu: hati ni ya nani, nani ana ufunguo, nani analala chumba kipi akirudi, na nani hajawahi kuingia kwenye nyumba ya nani. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwa Helen na Lily wa Tóibín.

## Hatua ya 7: Hamia upande wa mama

Ukifika katikati, chagua sura moja ambamo binti ndiye anayesimulia au ndiye anayefuatwa. Isome upya kana kwamba wewe ni mama: unajua nini ambacho binti hajui, na unaogopa nini.

Sababu ni kwamba riwaya nyingi hizi zimekaa begani kwa binti, na binti hana haki daima. Waandishi wazuri huacha mapengo. Katika *The Wren, The Wren* ya Enright (2023), Nell anasimulia mwenyewe, kwa sauti ya kijana wa leo, lakini sura za mama yake, Carmel, zimeandikwa kwa nafsi ya tatu, kwa umbali kidogo. Baba wa Carmel alikuwa mshairi aliyeiacha familia mke wake akiwa mgonjwa. Nell anayapenda mashairi. Carmel anakumbuka mlango ulivyofungwa. Utalielewa baridi la Carmel kwa binti yake ukianzia hapo tu.

*Actress* (2020) ya mwandishi huyohuyo ni ngumu zaidi: Norah anaandika kuhusu mama yake, Katherine O'Dell, nyota wa jukwaa, na mama hana sura yake mwenyewe hata moja. Kinyume chake ni *The Light of Evening* ya Edna O'Brien (2006), ambamo Dilly yuko hospitalini Dublin akimsubiri binti yake mwandishi, na barua za mama zinazungumza kwa sauti yake. Ukiweza, soma hivi viwili kwa kufuatana.

Onyo la nyumbani: hatua hii inauma. Kuna wasomaji wanaosimama hapa kwa sababu wamemwona mama yao. Funga kitabu wiki moja kama unahitaji. Hakuna anayekusahihisha.

## Hatua ya 8: Maliza, kisha rudi sura ya kwanza siku hiyohiyo

Usisubiri kukumbatiana. Mwisho wa riwaya hizi huwa ni jambo dogo: mtu anakubali kupelekwa na gari, mtu analala chumba cha wageni, mtu anaulizwa kama anatumia sukari baada ya miaka kumi ya kutoulizwa chochote. Ukitafuta zaidi ya hapo utadhani kurasa zimechanwa.

Baada ya ukurasa wa mwisho, soma tena sura ya kwanza. Ni nusu saa tu, na ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote. Jeraha huwa limewekwa pale, mbele ya macho, kabla hujajua kutazama. (Wanaokwepa kuambiwa kinachotokea waruke aya ijayo.)

Mwanzoni mwa *The Green Road*, Hanna anatumwa kwenye duka la dawa la mjomba wake kumletea mama dawa ya maumivu. Dan ametangaza kwamba atakuwa padri, na Rosaleen amejibu kwa kupanda kitandani na kukaa huko. Miaka ishirini na mitano baadaye, siku ya Krismasi, anatoka peke yake na kupotelea gizani, na watoto wote wanamtafuta. Ni kitendo kilekile. Mara zote mbili mama anajiondoa ili waje. Ukiwa umesoma mara moja tu, ule mwisho ni tukio la ajabu la bibi aliyechanganyikiwa. Ukirudi mwanzo unaona alishafanya mazoezi.

## Ukikwama

Umesahau nani ni nani: karatasi yako ina kasoro, si akili yako. Tumia dakika tano kuichora upya.

Unachoshwa na maelezo ya jikoni: ruka aya, kamwe usiruke mazungumzo.

Mama anakuudhi kupita kiasi: rudi hatua ya 3, tafuta alikuwa na miaka mingapi mwaka 1973.

Binti ndiye anayekuudhi: vizuri, endelea.

Lugha ya kitabu ni nzito mno: badilisha kitabu, usiache aina hii ya riwaya. Kutoka Enright nenda Tóibín. Kutoka Tóibín nenda Ryan. Kutoka Ryan nenda kwa Marian Keyes, na huko hakuna anayekwama.

Unataka kusoma na kundi: gawaneni upande kabla ya kukutana, nusu wamtetee mama, nusu wamtetee binti, mbadilishane katikati ya kikao. Kama mama yako mzazi ni mwanachama wa kundi hilo, mpe yeye nafasi ya kuchagua upande kwanza, na usikatae atakachokuandalia.